Nyongeza ya Fundi Wakhisi

Kibao cha Robinson Wakhisi kilikaa juu ya mlango wa kibanda chake pale Mamboleo, mtaa wa Kisumu, miaka thelathini na mmoja. Kilikuwa cha mbao ya mvule, si hivi vya plastiki vyenye picha za watu wanaocheka bila sababu. Alikiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: WAKHISI. TUNATIBU REDIO, TV NA PASI. HAKUNA UGONJWA USIOTIBIKA. Leo kibao hicho kiko nyuma ya hoteli ya Seline Achola, na Seline anaparia samaki juu yake. Nitaeleza kilivyofika huko, kwa sababu watu wa Mamboleo wanakieleza vibaya, na wengi wao hawakuwepo.

Wakhisi ni mtu wa upande wa Kimilili. Alikuja Kisumu mwaka wa 1984 akiwa na miaka kumi na tisa, akapata kazi ya kufagia katika duka la fundi mmoja Mhindi aliyetengeneza redio. Hakufundishwa kitu. Alifagia polepole, basi, na kila mara alipofika karibu na meza ya fundi ufagio ulikuwa mzito zaidi. Kufikia mwaka wa pili alikuwa anaijua kapasita iliyoungua kwa harufu tu, kabla hata ya kufungua mfuniko. Mhindi alipohama alimwachia bisibisi sita na neno moja: usimwambie mteja hujui. Bisibisi nne zimepotea. Neno alibaki nalo zima.

Siku hizo runinga ilikuwa na kisogo. Uliigeuza, ukaifungua, ukaona ndani kama unavyoona ndani ya kuku. Mtaa mzima ulikuwa na runinga mbili au tatu, na watu walijua kukaa pamoja. Wakati wa mpira mmoja alipanda juu ya bati kuzungusha antena, wa pili akasimama uani, wa tatu akakaa mbele ya kioo, na habari ikapita kutoka mdomo hadi mdomo: bado, bado, hapo hapo, umepita, rudi. Mechi moja ilihitaji wanaume watatu. Sasa kila mtu ana yake ukutani, bapa kama chapati, na hamhitaji mwenzake hata kwa kuzungusha mti.

Mama yake Wakhisi aliuza maharagwe sokoni, na jambo moja alilomrithisha mwanawe ni nyongeza. Ukishampimia mteja mkebe wake wa gorogoro, ukaumimina mfukoni mwake, mauzo hayajaisha. Unachota kiganja kimoja zaidi, unamtilia bila kuombwa. Soko la siku hizi linakuhesabia nyanya nne na kukutazama kama mwizi ukichelewa kuondoka. Lakini Wakhisi alileta nyongeza katika kazi ya ufundi. Ukimpelekea runinga imekufa, ulirudishiwa imefufuka, na zaidi ya hapo kioo kimepanguswa kwa spiriti hadi unajiona meno. Hukulipia kupanguswa. Ilikuwa nyongeza.

Zilipokuja hizi bapa, akapata shida. Ukizipangusa kwa spiriti zinaharibika. Kisogo hazina, vumbi la maana hazina. Mtu anakuletea umtundikie ukutani, unatundika, anaondoka, na mkono wako unabaki umening'inia hewani bila cha kuongeza. Nilimwona akihangaika na jambo hilo karibu mwaka mzima. Kisha, miaka mitatu iliyopita, abiria mmoja aliyekuwa akisubiri gari la kwenda Awasi alimwachia flashi yenye programu ndogo, alama yake mpira wa kijani, iliyoonyesha mpira wote wa Ulaya bila malipo. Wakhisi alifurahi kama mtu aliyerudishiwa shamba. Kuanzia siku hiyo, kila runinga iliyopita mikononi mwake aliichomeka ile flashi, akabonyeza hapa na pale, akasema, "Hiyo ni nyongeza. Mpira wa bure."

Runinga yenyewe ilikuwa ikiuliza kwanza kama anaiamini programu hiyo, kwani imetoka mahali pasipojulikana. Wakhisi alibonyeza ndiyo. Aliniambia lilikuwa swali lisilo na adabu. "Inaniuliza kama naiamini," alisema. "Si mimi ndiye nimekuja nayo?"

Sasa Seline. Seline Achola anauza ugali na samaki wa kukaanga hatua mia moja kutoka kibanda cha Wakhisi. Samaki wa ziwa, anasema, na mimi sibishani naye, ingawa nimeona katoni za barafu zikishushwa asubuhi na hakuna ziwa ninalolijua linalofunga samaki kwa katoni. Binti yake alimletea runinga kubwa kutoka Nairobi, na Wakhisi akaitundika sebuleni. Seline akaivika kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe. Hilo tu ndilo lililobaki la zamani katika sebule ile.

Wakatoliki wa mtaa huu hukutana kila Jumamosi alasiri, nyumba kwa zamu, kusali rozari na kunywa chai. Huita mkutano huo jumuiya. Ilipofika zamu ya Seline, aliondoa kitambaa, akaiweka runinga kwenye nyimbo za kwaya, sauti chini, ili pawe na utulivu. Walipofika fumbo la tatu, kwaya ikatoweka. Akatokea msichana mwenye nguo ya kuogelea, akawaalika wote waliokuwepo kucheza kamari, na sauti ikapanda yenyewe. Rimoti ilikuwa imefungiwa kabatini kwa sababu ya wajukuu. Wakati Seline anatafuta ufunguo, katekista Oyugi alisimama, shanga mkononi, akiangalia, na waliokuwepo wanasema aliangalia kwa muda mrefu kuliko uliohitajika kuelewa.

"Kumbe Mama Seline ni mchezaji," akasema Nabututu, mama anayeuza mitumba kwenye njia panda.

"Mimi? Hata kubonyeza sijui."

"TV imekuzoea, lakini. Imekuletea bila kuitwa."

Jumatatu Seline alikuja kibandani na runinga yake imefungwa mgongoni kwa shuka, kama mtoto wa homa. Nilikuwa pale, kwenye benchi, mahali ninapokaa kila siku kwa kuwa gazeti huletwa hapo kwanza. Wakhisi alisikiliza maelezo yote, macho ameyafumba, jinsi alivyosikiliza redio zamani. Na ng'ambo ya barabara akatoka Lorine, mwenye duka la simu, mwanamke wa miaka thelathini aliyesomea mambo ya kompyuta na kutusamehe sisi wengine.

"Mzee, hiyo ni virusi," alisema kabla hajafika.

"Virusi ni ya kompyuta," Wakhisi akajibu.

"Na hiyo unafikiri ni nini?"

"Ni TV."

"Ni kompyuta imevaa nguo ya TV, Mzee. Ina programu ndani, kama simu. Mtu akiingiza mbaya, inashika."

"Lorine, mimi nimefungua TV mia kabla wewe ujifunze kutembea. Sijawahi kukuta mdudu ndani isipokuwa mende."

"Mende ilikuwa na heshima. Ilikungoja ufungue. Hii haionekani na bisibisi."

Watu wawili watatu walikuwa wamesimama kusikiliza, na hilo ndilo lililomponza. Mbele ya watu, Wakhisi hawezi kunyamaza. Alinyosha kidole juu ya mlango.

"Siku TV itapatikana na virusi hapa Mamboleo, nitashusha hicho kibao kwa mkono wangu, nimpe Mama Seline aparie samaki."

Watu wakacheka. Seline hakucheka. Aliinua macho, akakipima kibao kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Ni mvule?" akauliza.

"Ni mvule."

"Sawa."

Wakhisi alifungua runinga, akakuta ubao mmoja mdogo kama kipande cha sabuni na hewa. Hakuna kilichoungua, hakuna kilichonuka. Akasema ni unyevu wa ziwa. Zamani runinga iliyoshika unyevu ilikaushwa kwa jua, na ilikuwa dawa nzuri. Nyuma ya hoteli ya Seline kuna vyandarua vya kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani. Wakailaza runinga hapo, kioo juu, katikati ya omena, na Wakhisi akakaa karibu na fimbo ya kufukuzia kunguru. Kunguru hawakuja. Walikuja paka watatu, wakakaa mbele ya kioo kimya, kama wanaosubiri taarifa ya habari.

Saa kumi aliirudisha ukutani na kuiwasha. Seline akaenda jikoni kuchemsha chai. Kwaya ikaimba ubeti mmoja, kisha yule msichana akarudi, mkavu kabisa, anatabasamu. Wakhisi akashika rimoti na kuanza kubonyeza ovyo, akitafuta pa kumzimia, mpaka akafika mahali palipoorodheshwa programu zote zilizomo. Hapo akakaona: kampira kadogo ka kijani. Alikajua mara moja, kama mtu anavyomjua kuku wake katika boma la jirani. Na chini yake pameandikwa kwamba kamepewa ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine zote, saa yoyote kapendapo.

Aliniambia baadaye kwamba alikaa chini, kwenye kochi la Seline. Kisha akakafuta kale kampira. Msichana akaondoka. Kwaya ikaendelea kana kwamba haikukatizwa.

Seline akaingia na chai. Akasikiliza. "Imepona?"

"Imepona."

"Kwa jua?"

Wakhisi akanywa kwanza. "Chai yako tamu," alisema.

Kwa siku tano alikuwa mtu mkubwa. Habari ya jua ilifika hadi Manyatta. Kufikia Ijumaa kwenye vyandarua vya Seline kulikuwa na runinga mbili, kompyuta moja ya shule na birika la umeme, na omena wamesukumwa pembeni. Watu walimpigia Lorine kelele kutoka ng'ambo: "Daktari, simu yangu imejaa, niianike upande gani?" Lorine aliendelea kubandika vioo vya simu, lakini alikuwa akimtazama Wakhisi, na Wakhisi alikuwa akitazama barabara.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikuwa kwa katekista Oyugi. Fumbo la pili tu, na yule msichana akatokea kwa Oyugi, safari hii na mwenzake. Mke wa Oyugi alichomoa waya ukutani na hakuurudisha hadi Jumatatu. Jumamosi ya tatu ilikuwa kwa Nabututu, na Nabututu alikuwa amesimama tayari mbele ya runinga yake na khanga mikononi, kama golikipa. Haikusaidia. Sauti ilipita katikati ya khanga.

Hapo ndipo watu walipokaa kufikiri, na mimi huogopa sana watu wa siku hizi wanapokaa kufikiri. Nabututu alieleza kwamba ugonjwa ulianza kwa Seline. Seline akaenda kwa Oyugi, kukaugua. Seline akaja kwake, kukaugua. Kwamba hata yeye Nabututu alikuwa katika nyumba zote tatu halikumsumbua. Wakaamua mambo mawili. La kwanza, kila anayekuja kusali aache simu yake mlangoni, ndani ya beseni, na juu ya beseni kiwekwe kitambaa chenye maji. La pili, Mama Seline apumzike nyumbani kwanza, asali peke yake, mpaka hali itulie.

Na hoteli ikamfuata. Watu walisema samaki ni wazuri lakini simu ni za bei. Nilikwenda siku moja mchana nikakuta meza nne na sufuria imejaa, na mteja mmoja, Wakhisi, anakula bila kuinua kichwa.

Alhamisi alikuja akakaa nami kwenye benchi lake mwenyewe, jambo asilofanya.

"Jaduong'," alisema, akiniita mzee kwa Kijaluo, "ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ile virusi. Ni nyongeza yangu."

Akanieleza yote. Nikamuuliza ni nyumba ngapi.

"Kumi na moja, na yangu."

"Na kwangu?"

"Yako si ina kisogo."

Kweli. Tangu walipozima mitambo ya zamani, yangu huonyesha chengachenga tu. Hakuna kinachoingia. Ndiyo runinga pekee yenye afya Mamboleo nzima, na hakuna aliyewahi kunipongeza.

Nilimshauri anyamaze. Azunguke nyumba moja moja, aseme anakaza skrubu, afute kale kampira, na ndani ya mwezi mtaa utasahau. Kibao kitabaki juu, na jua litabaki na sifa. Ulikuwa ushauri mzuri na ningeutoa tena. Wakhisi aliuangalia kwa muda kama anavyoangalia kapasita.

"Jana Seline amenipakulia," alisema. "Tuko wawili tu hotelini. Ananiuliza, fundi, wewe huogopi kukaa karibu na mimi?"

Akaondoka, akavuka barabara, akaingia kwa Lorine. Nikaona kutoka kwenye benchi: kwanza Lorine alishika kiuno, halafu akashika mdomo, halafu akageuka ukutani na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu sana.

Jumamosi ya nne ilikuwa zamu ya Wakhisi mwenyewe. Mimi si mtu wa jumuiya, lakini nilikwenda, kwa ajili ya chai. Beseni lilikuwa mlangoni, limejaa simu, kitambaa kimelowa. Lorine, aliye wa kanisa lingine, alikuwa amekaa kona. Na Wakhisi alikuwa amekwenda mwenyewe kumleta Seline, akamkalisha karibu kabisa na runinga. Nabututu akavuta kiti chake nyuma.

"Kabla ya rozari," Wakhisi alisema, "mtazame hapa."

Akabonyeza mpaka kampira ka kijani kakatokea, kakubwa, katikati ya skrini.

"Haka nimeweka mimi. Kwangu, kwa Mama Seline, kwa katekista, kwa Mama Nabututu, na nyumba zingine nane. Yule msichana anatoka ndani ya haka. TV inapata virusi. Lorine alisema, nikamkatalia."

Oyugi akakohoa.

"Na kwangu uliweka lini?"

"Siku nilitundika, katekista. Ulisema asante."

"Nilisema," Oyugi akakubali.

"Na jua?" akauliza Nabututu. "Si tumeona imepona kwa jua?"

"Nilikafuta wakati anachemsha chai. Jua lilikausha omena, basi."

Lorine akaombwa aseme kwa lugha ya watu, na nakiri alijitahidi. Alisema TV haipati ugonjwa kwa upepo wala kwa kukaa karibu na mgonjwa. Virusi vingi vya kompyuta vikiingia kwenye TV havijui hata pa kukaa. Kuangalia filamu au picha kwenye flashi si hatari sana. Hatari ni kuingiza programu isiyotoka kwenye duka la TV yenyewe, hasa ile ya bure inayotoa vitu ambavyo wengine wanalipia, halafu TV inauliza unaiamini, na mtu anasema ndiyo. Hapo inaweza kutulia hata miaka, halafu siku moja inaonyesha matangazo itakavyo, inakula bando, na zilizo mbaya zaidi zinaweza kuchungulia nywila. "Ndiyo maana bando lako lilikuwa linaisha haraka, Mama Seline," alimwambia. "Hawakuwa wajukuu."

"Nimewachapa bure," Seline alisema.

"Na simu zetu?" Nabututu aliuliza. "Ziko kwa maji."

"Zitoe, mama. TV haziambukizi kwa kupumua. Maji ndiyo itaziua."

Kukawa na msongamano mlangoni. Walipotulia, kila mmoja akipangusa simu yake kwa nguo, Nabututu alivuta kiti karibu na Seline, akakaa, akasema kwamba Jumatatu atapitia samaki wawili. Hiyo kwa Nabututu ni kuomba msamaha, tena kwa magoti. Seline alimwitikia. Kisha akamgeukia Wakhisi, na lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu wakae.

"Ulisema ni mvule."

"Ni mvule," akasema Wakhisi.

Alikishusha Jumatatu asubuhi kwa mkono wake, na moja ya zile bisibisi mbili. Nyuma yake ukuta ulibaki na umbo la kibao, jeupe. Kwa wiki mbili yeye na Lorine walizunguka nyumba kwa nyumba. Nyingine zilipona kwa kufuta tu. Mbili zilikataa, na Lorine akazirudisha zilivyotoka kiwandani, kila kitu kikapotea. Wakhisi alishika begi la Lorine na kutazama, polepole, kama alivyokuwa akifagia zamani. Flashi aliitia motoni.

Kazi hajapoteza. Watu wanaleta, wanasema wanakwenda "pale kwa virusi", na Lorine amemchapishia kibao cha plastiki chenye picha ya mtu anayecheka. Lakini ukimlipa sasa, anapokea, anakurudishia kitu chako, na kazi imeisha. Ilikuwa sehemu ya mwisho Mamboleo nzima ambapo mtu alikupa zaidi ya ulicholipia. Hakuna aliyeona ikifungwa isipokuwa mimi, na mimi hawaniulizi.

Juzi tulikula pamoja kwa Seline. Hoteli ilikuwa imejaa, na kutoka uani tulisikia kisu kikikwangua magamba juu ya mbao. Neno HAKUNA limeshafutika, na sasa kibao kinasema UGONJWA USIOTIBIKA. Seline akatuletea ugali, samaki mmoja kwa kila mtu. Halafu akarudi, akaweka samaki mdogo wa tatu kwenye sahani ya Wakhisi.

"Hiyo ni nini?" Wakhisi akauliza.

"Nyongeza, fundi."

Wakhisi akamwinua yule samaki kwa mkia. Akamgeuza upande wa kwanza, akamgeuza upande wa pili, akamfungua kinywa, akachungulia ndani.

"Ametoka wapi?" akauliza.

"Ziwani," alisema Seline.

Akafikiri kidogo, kisha akamla.